Kabla ya Mavuno ya Ngano

Kwa miaka thelathini na moja nilizungumza redioni dakika saba kila siku ya kazi, saa sita na dakika ishirini mchana, baada ya bei za nafaka na kabla ya matangazo ya vifo. Saa hiyo wakulima wa Neuburg, mji wetu mdogo huku Marekani, wanakula, au wamesimamisha trekta pembeni mwa shamba na kufungua walichofungiwa nyumbani. Niliwaeleza mambo ya Washington na ya dunia kama mtu wa upande wetu, upande wa wahafidhina, anavyoyaona: kwamba serikali ikinenepa raia hukonda, kwamba mtu aliye mbali hawezi kukupangia nyumba yako vizuri kuliko wewe mwenyewe, kwamba kilichojengwa na babu kisibomolewe kabla hujajua kwa nini alikijenga. Sikusomea mambo hayo. Nilikuwa msimamizi wa maghala ya nafaka ya ushirika, na nilichojua nilikipata katika vitabu vya maktaba ya wilaya, kimoja baada ya kingine.

Kwa kuwa sikupita chuo, niliogopa sana kuwadanganya watu bila kujua. Ndiyo maana tangu mwaka wa kwanza nilijiwekea utaratibu. Kila niliposema redioni kwamba jambo fulani litatokea, nililiandika kwenye kadi siku ileile, na tarehe juu. Kadi niliziweka katika sanduku la bati ambamo mama yangu alikuwa akiweka mapishi. Mambo yalipotimia au kushindikana, niliandika matokeo chini ya kadi. Kila Ijumaa ya mwisho ya Disemba nilizichukua zile nilizokosea nikazisoma hewani, zote, bila kujitetea.

Watu waliiita Ijumaa ya Makosa, na siku hiyo nilisikilizwa kuliko siku nyingine yoyote. Nilisema kompyuta zote zingezimika mwaka elfu mbili ukiingia. Marehemu mke wangu alitupikia maharage yangu ya kopo ya akiba mpaka mwaka 2004. Nilisema Waingereza wasingethubutu kujitoa Ulaya. Nilisema mgombea mmoja asingedumu kwenye kampeni hata mpaka Februari, naye akafika Ikulu. Watu walicheka, mimi nikacheka nao, na Januari tukaanza upya.

Lakini kulikuwa na kadi moja ambayo sikuwahi kuisoma. Ilikuwa ya Februari 2003, wiki vijana wetu wa jeshi la akiba walipoondoka kwenda vitani Iraki. Kila Disemba niliishika, na kila Disemba niliirudisha mahali pake. Sababu ilikuwa ni Gilbert Leiker.

Gilbert ni rafiki yangu tangu shule ya parokia. Mwanawe Kurt alikuwa katika kile kikosi. Aliuawa mwezi wa nane mwaka uleule, barabarani, ndani ya gari la jeshi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tangu siku ya mazishi mimi na Gilbert tumezungumza juu ya mvua, juu ya Mungu, juu ya tezi dume zetu, na juu ya marais wanne. Juu ya kadi ile hatukuwahi kuzungumza.

Mwaka huu wa mwisho, Novemba, Tami Dreiling anayeendesha kituo aliniita akaniambia redio imeuzwa. Kuanzia Januari vipindi vyote vitatoka mbali kwa setilaiti. Hata matangazo ya vifo yangewekwa mtandaoni.

"Pole, mzee," akasema. "Wewe unamaliza na mwaka."

Nilimwambia hakuna neno, na kweli sikuumia sana. Nilikuwa nimechoka. Zamani watu walipiga simu kubishana nami juu ya bei ya mbolea na kura za bungeni, na kila mmoja alikuwa na wazimu wake mwenyewe. Miaka hii ya karibuni mchana mmoja wanapiga watu watatu, na wote watatu wanasema sentensi ileile, neno kwa neno, waliyoisikia jana yake kwa mtangazaji wa mbali mwenye hasira. Hawabishi tena na mimi. Wanataka tu nikasirike nao, na mimi hasira zangu zimebaki kidogo, nazitunza kwa ajili ya mambo ya nyumbani.

Halafu katikati ya Disemba zikaja habari kwamba meli zetu za kivita zimesogezwa karibu na nchi fulani ndogo. Mpigaji simu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema hewani, "Siku kumi tu, Clem. Siku kumi na vijana wamerudi."

Nilimshukuru nikaweka simu chini. Nikaenda nyumbani nikafungua sanduku la bati.

*

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho nilikwenda kwenye mkahawa wa ushirika kama kawaida. Meza yetu iko karibu na dirisha linalotazama maghala. Nje mtama ulikuwa umerundikwa chini, kilima chekundu kizima, kwa kuwa maghala yalikuwa yamejaa na treni ilikuwa haijaja. Pale mezani kuna kikombe cha ngozi chenye dadu tano. Kila asubuhi tunatikisa, na anayeshindwa ndiye anayeinuka kuchukua birika na kuwamiminia wenzake. Ni desturi ya kipuuzi, lakini nimeona watu wakikaa miaka miwili bila kusemezana wakaanza tena kusemezana kwa sababu ya zile dadu.

Siku hiyo alishindwa Norbert, ambaye hushindwa mara nyingi na hulalamika kila mara.

"Hizi dadu zinapiga kura na waliberali," akasema akiinuka.

"Zimekuona tu mguu unauma," Gilbert akamjibu. "Hata dadu zina dharau."

Norbert alipokwenda jikoni kuchukua birika, nilimwinamia Gilbert.

"Ijumaa nasoma ile ya Februari."

Hakuuliza Februari ipi. Aliendelea kuzigeuzageuza dadu kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaonyesha sita.

"Kwa nini sasa?"

"Ni mara yangu ya mwisho. Na umesikia habari za meli."

"Nimesikia." Alizirudisha dadu katika kikombe. "Usiisome, Clem."

"Nimekaa nayo miaka mingi, bwana."

"Basi kaa nayo mingine. Wewe una sanduku zima, kadi moja haikulemei." Alivaa kofia yake. "Mimi sijawahi kukuomba kitu. Nimewahi?"

"Hujawahi."

"Basi."

Akaondoka. Norbert alirudi na birika, akakitazama kiti kitupu, akanitazama mimi.

"Umemwambia nini?"

"Mambo ya redio."

"Hata mimi hayo hunifukuza," akasema, akajimiminia kikombe cha Gilbert.

*

Jumatano Rosalie, mke wa Gilbert, alinipigia simu.

"Shemeji, njoo saa tisa. Huyu mtu halali, na mimi silali kwa sababu yake."

Nilifika, nikavua viatu vya theluji mlangoni. Rosalie alikuwa ametoa katika jiko mikate yao ile iliyojazwa nyama na kabichi, na nyumba nzima ilinukia. Gilbert alikuwa amekaa mezani na mikono yake miwili mbele yake kama mtu anayengoja daktari. Rosalie aliniwekea mkate bila kuniuliza. Yeye ni mwanamke mfupi, mtulivu, aliyewafundisha katekisimu watoto wa mji mzima, na akitaka jambo hulisema mara moja tu.

"Sema naye," akamwambia mumewe.

Gilbert alikohoa. "Hiyo kadi yako. Imeandikwa nini?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikaisoma: "Silaha zipo. Vita vitakuwa vifupi. Vijana watarudi kabla ya mavuno ya mtama."

Gilbert aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinitazama usoni.

"Mtama?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Sivyo ulivyosema," akajibu. Sauti yake haikupanda. "Ulisema ngano."

Msomaji anayelima atajua tofauti. Kwetu ngano hupandwa wakati wa kupukutika kwa majani, hulala chini ya theluji, na huvunwa mwezi wa sita. Mtama huvunwa mwezi wa kumi. Kati ya mavuno hayo mawili kuna miezi minne, na Kurt alikufa katikati yake. Kama nilisema mtama, alikufa ndani ya muda nilioutaja, na kosa langu ni la mtu aliyekadiria vibaya. Kama nilisema ngano, siku ile alipokufa alipaswa awe nyumbani miezi miwili tayari.

"Gilbert, niliandika siku ileile. Ndio utaratibu wangu."

"Utaratibu wako naujua. Ulisema ngano."

Rosalie aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kaseti na redio ya zamani yenye mpini. Karatasi ya kaseti ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake wa kufundishia watoto: *Kurt, Februari*.

"Nilirekodi kwa sababu mlisoma majina yao," akaniambia. "Sikurekodi kwa ajili yako, shemeji."

Akabonyeza kitufe.

Kwanza palikuwa na mvumo, kisha sauti ya mtangazaji wa siku zile, marehemu sasa, akisoma majina kumi na manne. La tisa lilikuwa Kurt Leiker. Rosalie alikuwa amefumba macho. Kisha nikaja mimi. Nilistaajabu jinsi sauti yangu ilivyokuwa nzuri, nzito, isiyo na shaka hata kidogo, sauti ya mtu ambaye ungempa funguo za nyumba yako.

Nilisema silaha zipo, wataalamu wameziona. Nilisema watu wa kule watawapokea vijana wetu kwa shangwe. Halafu nikasema haya, ambayo sikuyakumbuka kabisa, na hata niliposikia sikuamini kwamba ni mimi: "Na wewe Gilbert Leiker, najua unanisikiliza hapo ulipoegesha. Mwaka huu usiajiri mtu wa kuendesha mashine ya kuvunia. Kurt atakuwa ameshika usukani kabla ngano haijakauka."

Rosalie akazima.

Upepo ulikuwa ukisukuma mlango wa ghalani, unafunga, unafungua. Gilbert alikuwa akitazama mikono yake.

"Sikuajiri," akasema.

Nilikumbuka mwezi wa sita ule. Nilikuwa kwenye mizani ya ushirika, nikipima magari ya nafaka yakiingia, na gari la Leiker lilikuwa likiendeshwa na Rosalie. Nilimpungia mkono. Sikujiuliza kwa nini ni yeye.

"Sikukumbuka kwamba nilikutaja," nikamwambia Gilbert.

"Mimi nilikumbuka." Alisukuma sahani yake pembeni. "Sasa sikiliza, nikueleze kwa nini sitaki uisome, usidhani ni hasira. Hasira nilimaliza zamani. Kurt alikuwa na goti bovu. Unalijua lile goti."

"La mpira wa shule."

"Daktari wa jeshi alimpa karatasi. Ilibaki yeye kutia saini tu, abaki. Siku ile tulikuwa pamoja kwenye pikapu, tunakusikiliza. Ulipomaliza likaja tangazo la mbegu, na tangazo bado linaimba akaniuliza, 'Baba, nifanye nini?' Nikamwambia, 'Umemsikia Clem. Ni miezi minne. Nenda na wenzako.'"

Aliivuta tena sahani yake, asile.

"Watu wa hapa wanajua kwamba mwanangu alikwenda kwa sababu nchi ilimwita. Ukisoma kadi yako, ukasema hukujua lolote, basi mimi nilimtuma kwa neno la mtu asiyejua lolote. Wewe utakuwa umekosea, watu watakuheshimu, ndio Ijumaa yako. Mimi nitakuwa nini?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya vita na mataifa, na hakuna hata kimoja kilichouliza swali hilo.

Rosalie ndiye aliyejibu. "Alikwenda kwa sababu wenzake kumi na watatu walikwenda. Ungemwambia abaki, angekwenda akichechemea."

"Hujui hilo, Rosalie."

"Nalijua. Nilimzaa." Alianza kuizungushia redio waya wake, polepole. "Shemeji, soma. Na jina lake ulitaje lote. Kuanzia Januari hakuna mtu katika redio ile atakayejua hata kulitamka."

"Mimi nitazima," Gilbert akasema.

"Zima," akamwambia. "Ya jikoni ni yangu."

*

Niliporudi nyumbani niliitoa kadi nikaiweka chini ya taa, na nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi nyuma. Niliilinganisha na wenzake.

Kadi zote za majira yale ya baridi niliziandika kwa penseli. Nakumbuka sababu: kalamu ziliganda katika ofisi ya mizani. Hii ya Februari imeandikwa kwa wino. Mwandiko wake pia si wa haraka kama wa kadi nyingine. Umetulia, umekaa sawa juu ya mistari, mwandiko wa mtu anayenakili. Niliitazama muda mrefu. Sikumbuki siku niliyoiandika. Sikumbuki kuichana ile ya kwanza. Lakini karatasi haina sababu ya kudanganya, na mimi ninayo. Wakati fulani baada ya mazishi, mtu niliyemwamini kuliko wote kutunza kumbukumbu, yaani mimi mwenyewe, alijiongezea miezi minne, kisha akasahau.

Sijui kama huo ni uongo. Nimelifikiria sana jambo hilo na bado sijui. Ninachojua ni kwamba kila Disemba nilijisifu kimoyomoyo kwa kuihifadhi kadi ile, hata kama siisomi, na kumbe nilikuwa nahifadhi kadi nyingine.

Nilichukua penseli na kadi mpya. Nikaandika maneno ya kaseti kama yalivyokuwa.

*

Ijumaa Tami alikuwa nyuma ya kioo na vipokea sauti shingoni. Alikuwa na miaka saba wakati vita vile vinaanza.

"Mzee, wanunuzi wanasikiliza leo," akaniambia kabla hatujaingia hewani. "Wamenitumia ujumbe. Wanasema kipindi cha makosa hakipendezi. Wanasema mtu wa upande wetu akikiri kosa, anampa adui jiwe la kumpigia."

"Unasemaje wewe?"

"Mimi nabonyeza vitufe." Akatafuna mwisho wa kalamu yake. "Lakini baba yangu amefunga duka aje akusikilize kwenye gari. Dakika saba, mzee. Usiniue."

Taa nyekundu ikawaka.

Nilisoma kadi tatu ndogo za mwaka ule, kuhusu kura za bungeni na bei ya mafuta, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Kisha nikasoma ya penseli. Niliisoma yote, pamoja na jina la Kurt na lile neno juu ya kuajiri mtu, na nikasema ngano. Nikasema pia kwamba kwa miaka mingi nilikuwa na kadi nyingine iliyosema mtama, kwamba niliiandika mwenyewe, na kwamba sikumbuki lini.

Nilikuwa nimeandika maneno ya kufuatia, na sasa nayanakili hapa kwa kuwa watu wengine wameyageuza walivyotaka.

"Mimi bado ni mhafidhina," nilisema. "Sijahama. Kwa miaka yote hii nimewaambia kwamba serikali ya Washington haiwezi kuendesha vizuri hata posta ya Neuburg, kwa sababu iko mbali, haitujui, na anayekosea kule haumii. Halafu siku moja serikali hiyohiyo ikaniambia inaweza kuipanga upya nchi ya watu wengine ng'ambo ya bahari, kwa miezi minne, na mimi nikawaambia ninyi iaminini. Sikukosea kwa kuwa mhafidhina kupita kiasi. Siku ile niliacha kuwa mhafidhina, na sauti yangu haikubadilika, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Sisemi kwamba waliokwenda walikwenda bure. Hilo sina kadi yake, na si langu kulisema; ni la waliowazika. Nasema tu kwamba nilizungumza kama mtu anayejua, nami sikujua. Ukisikia leo mtu anakuhesabia siku za vita, awe wa upande wao au wa upande wetu, muulize amezihesabu kwa mavuno ya nani."

Zilibaki sekunde arobaini. Kwa kawaida nilikuwa nazijaza kwa utani. Siku hiyo nilizijaza kwa majina ya vijana wale kumi na wanne, polepole, na la Kurt nikalitamka jinsi akina Leiker wanavyolitamka.

Taa ikazimika. Tami akaweka tangazo la mbegu.

Taa za simu zilikuwa zimewaka zote. Aliisikiliza moja, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Huyu anasema umehamia upande ule."

"Mwambie mgongo unauma. Sihami hata kochi."

Akasikiliza nyingine, muda mrefu zaidi, akaiweka chini bila kusema ilikuwa ya nani. Alikuwa akijifuta pua kwa mkono wa sweta. Nilichukua sanduku langu la bati, nikamshukuru, nikatoka. Hapakuwa na sherehe. Keki aliyoiahidi ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu sikwenda.

*

Pikapu ya Gilbert ilikuwa imeegeshwa nje, injini inanguruma, moshi wake mweupe unatambaa juu ya theluji. Vioo vilikuwa na ukungu ndani, dalili kwamba alikuwa pale muda mrefu. Nilisimama kando ya dirisha lake nikangoja. Alikishusha kioo nusu. Redio ilikuwa wazi. Walikuwa wanasoma vifo.

"Hukuzima," nikasema.

"Swichi ina baridi. Vidole haviwezi."

Alikuwa amevaa glavu nene, na joto ndani ya pikapu lilinipiga usoni.

"Umesema ngano," akasema.

"Nimesema ngano."

Aliitikia kwa kichwa, akatazama mbele, kwenye maghala. Treni ilikuwa imefika. Walikuwa wanauzoa ule mtama kwa mashine, na vumbi lake jekundu lilikuwa limepaka theluji yote mpaka barabarani.

"Lile la goti hukulisema."

"Hiyo si kadi yangu, Gilbert."

Alifikiri. Alifikiri muda mrefu mpaka miguu yangu ikaanza kufa ganzi, na tangazo la vifo likaisha, na wimbo ukaanza, naye akaupunguza.

"Rosalie anasema angekwenda tu," akasema. "Anasema hivyo tangu mwaka ule. Mimi simwamini. Lakini leo asubuhi nilikaa nikajaribu kumwona Kurt akiitia saini ile karatasi. Nimejaribu kila namna. Nampa kalamu, haishiki." Akajifuta ukungu wa kioo cha mbele kwa glavu. "Pengine ni mimi sitaki aishike. Sijui."

"Nami sijui."

"Redioni ungesema unajua."

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, pumzi tu kupitia puani, bila furaha nyingi. Kisha akainama akaufungua mlango wa upande wa pili.

"Panda, utakufa hapo, na hakuna tena wa kukutangaza."

Nilipanda, sanduku juu ya magoti. Alituendesha mpaka mkahawa wa ushirika, mwendo wa dakika mbili. Ndani Norbert na wengine walikuwa bado wamekaa, na redio ya pale mkahawani ilikuwa imezimwa. Walituona tukiingia pamoja, wakasogeza viti bila kuuliza. Gilbert alivua glavu, akachukua kile kikombe cha ngozi, akatikisa, akamwaga dadu mezani. Nzuri. Akanisukumia kikombe.

Nilitikisa, nikashindwa, tena vibaya. Hata Norbert aliona haya kunicheka.

Nikainuka, nikaenda kuchukua birika.